Mguu Uliopinda

Ukurasa wa kwanza kuungua ulikuwa ule ambao Hillaac anapata nguvu zake.

Bilan alimkuta mamake amechuchumaa mbele ya jiko la kupikia mikate ya anjera, anachana vitabu na kuulisha moto. Alikuwa amevinunua vyote vilivyobaki kwenye duka la Abdirahim, hapo hapo mtaani Iftin, Garissa, kimya kimya.

"Hooyo! Hiyo ni kazi yangu!"

"Na mimi ni mamako. Kazi utapata nyingine."

Bilan alijikuna mgongoni kwa hasira. Ndiyo tabia yake akikasirika, kujikuna pale alipochomwa chuma cha moto utotoni ili apone. Kovu lenyewe si ajabu huku kwetu. Nusu ya rika lake wanalo, mmoja tumboni, mwingine kisogoni.

Ajabu ilikuwa mamake. Saynab alikuwa muuza maziwa ya ngamia, mwanamke wa kutania hata askari wa kaunti wanaokuja kumfukuza barabarani. Lakini tangu kitabu kirudi kutoka Nairobi kilikochapwa, hakuwa amecheka hata mara moja.

Na kilikuwa kitabu cha kufurahiwa, jamani! Katuni, rangi tupu, na shujaa ni msichana wa jangwani mwenye buibui linalopepea mawinguni. Jina lake Hillaac, yaani umeme wa mvua. Kisa chake kinaanza mwaka wa ukame. Baba anamwacha mtoto kivulini mwa lori, anakwenda kumtafutia maji. Anaporudi, lori halipo, na mtoto hayupo. Mtoto huyo anapigwa na radi, haimuui, inamwachia alama kifuani. Tangu siku hiyo anaita mvua na mvua inakuja. Wasichana wa Iftin walikigombania kitabu hicho mpaka kurasa zikalegea.

Balaa lililetwa na ile alama. Ni duara lenye miguu miwili, mmoja umenyooka, mwingine umepinda. Bilan aliulizwa sana aliitoa wapi, na jibu lake lilikuwa moja: ilikuja tu, kalamu ilijiendea yenyewe.

Mtu wa mjini ataona pambo. Mfugaji anaona chapa ya ngamia, na chapa ina wenyewe. Picha zilisambaa kwenye simu hadi Hadado, hadi Takaba, na maji yakimwagika hayazoleki. Watu bwana! "Binti wa Garissa amewavisha ngamia wetu buibui!" Wengine hawakuwa na utani. Chapa ya watu haichukuliwi ovyo, ni sawa na kuchukua mnyama mwenyewe. Tena, walisema, ameichora vibaya makusudi. Miguu ya chapa yetu yote miwili imenyooka, yeye mmoja kaupinda. Anatucheka.

Mchapishaji naye alipiga simu akasema wazi: malizaneni na wazee wa ukoo wenye chapa, la sivyo toleo la pili halitoki.

"Badilisha alama," Saynab alisema. "Weka nyota. Weka mwezi. Weka hata birika!"

"Hillaac bila alama yake si Hillaac."

"Basi asiwe."

"Unawaogopa wazee, hooyo? Wewe?"

Saynab alichana ukurasa mwingine akautia motoni.

Bilan alilia usiku huo, na kulipokucha alikuwa ameamua. Kumwona mamake hivyo kulimuuma kuliko kitabu. Angeomba radhi, angeifuta alama, na kama Hillaac atakufa, basi afe.

Mzee Barre, wa ukoo wenye chapa, alifika mchana, vumbi la njia ya Hadado limejaa kwenye kikoi chake. Alikuja peke yake. Bilan alishangaa, maana malalamiko ya ukoo huja na wazee wa kujaza mkeka, na kila mmoja ana lake la kusema.

"Assalamu aleikum," mzee alisema mlangoni.

Bilan aliitikia. Saynab alikuwa ameshika birika la chai, akabaki amelishika.

"Wewe ndiye mchoraji?"

"Ndimi, adeer," Bilan alijibu, akimwita ami kwa heshima. "Nimekosa. Nimechukua kisicho changu bila kujua. Nitaifuta, wallahi. Waambie wazee nitaifuta."

"Sikutumwa na wazee." Barre aliketi kwenye mkeka, akatoa kitabu kifuani. Kilikuwa kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka jalada limechoka. Akafungua ukurasa wa mwanzo. "Hili lori umelitoa wapi?"

"Nimebuni tu, adeer. Ni hadithi."

"Na huu mguu? Kwa nini umeupinda?"

"Sikujua kwamba wenu umenyooka. Ni makosa yangu."

"Bilan, leta sukari," Saynab alisema ghafla. "Nenda dukani ulete sukari."

Sukari ilikuwa pale pale, kwenye sinia. Bilan hakuinuka.

Mzee alipitisha kidole juu ya mguu ule, taratibu, kama anayepapasa kidonda cha mtu mwingine.

"Ngamia wangu wote miguu imenyooka," alisema. "Huu uliopinda niliupiga mara moja tu maishani. Binti yangu alishikwa na degedege. Mwenye kutibu alikuwa mbali, na chuma kilichokuwa motoni ni cha ngamia. Nikamchoma mgongoni. Mkono wangu haujui kuchora kingine, ukachora chapa. Nilipofika mguu wa mwisho, akajitupa upande, mguu ukapinda. Mwaka wa ukame nilimwacha kivulini mwa lori nikamtafutie maji, na niliporudi hayupo."

Mkono wa Bilan ulikuwa umeshafika mgongoni.

"Nilimwokota," Saynab alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Wallahi, sikumwiba."