Ngedere na Mlinzi Asiyekataza

Kisa hiki hata waliokuwepo hawakisimulii vizuri kama mimi. Ngedere alikunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mpaka ubongo ukamgeuka, akawa anarukia matawi ambayo hayapo. Siku alipoanguka na mwanawe mgongoni, mkewe akamnyang'anya mtoto.

"Humbebi tena mpaka uache! Na nisikusikie mianzini bila mlinzi."

Ngedere, mjanja wa mwisho, akamchagua Kobe, ambaye tangu azaliwe hajamkatalia mtu kitu. Jioni hamu ikapanda.

"Kobe, twende mianzini!"

"Twende, shemeji. Ngoja nifunge nyumba."

"Nyumba si umeibeba?"

"Ndiyo maana nachelewa."

Wakaenda, Kobe akionja kila jani njiani. Ngedere akatetemeka, akatukana, akalia. Walipofika nusu ya njia hamu ikawa imeshuka, akataka kulala tu. Wakageuza. Ikawa hivyo kila jioni, na kila safari waligeuza mapema zaidi.

"Mbona hunikatazi?" Ngedere akauliza.

"Nikukataze ya nini? Hamu yako ina pupa, shemeji. Mwendo wangu haiuwezi."

Mvua zilipokatika, Ngedere alikuwa hakosi tawi hata moja, na mkewe mwenyewe akamrudishia mtoto. Jioni Kobe akaja chini ya mti. "Haya, twende mianzini!"

"Nenda peke yako," Ngedere akajibu, mwanawe akimvuta masikio. "Mimi nina kazi huku."

"Afadhali," Kobe akasema, akajitupa chini. "Magoti yangu yalikuwa yamekwisha!"