Ndala za Mlangoni

Mtaa huu hakuna anayefagia kunishinda. Ni kweli wengine wote wamehama, nimebaki mimi na mgodi.

Wanachimba kinywe, madini meusi ya kutengenezea betri za magari. Vumbi lake laini kama poda, linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa.

Leo alikuja dada wa mgodi, yule anayehamisha watu. Anayeishi peke yake hupewa chumba kimoja; mwenye familia hupewa nyumba. Mimi chumba sikitaki. Mwanangu akirudi atalala wapi?

"Bibi, huyo mwanao yuko wapi?"

"Katoka sasa hivi. Hamkupishana?"

"Hatukupishana."

"Basi hayo macho umeazima, mjukuu wangu. Ndala zake si hizo mlangoni? Kazivua jana."

Ndala ziling'aa. Kila asubuhi nazifuta vumbi, ila sizisogezi, zikae alivyoziacha mwenyewe.

Dada alicheka, akainama, akaziokota.

Sakafu yangu imeshika weusi kote, hata nifagie vipi. Chini ya ndala ilikuwa bado nyekundu, nyayo mbili safi kabisa.

Akaziangalia. Akaniangalia.

"Jana, bibi?"