Mara ya Kumi na Moja

Mtaalamu wa mazoezi aliagiza Zamda, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ainuke kitini mara kumi kila siku, miguu ipate nguvu. Siku hiyo Zamda aliinuka mara mbili, akagoma.

Bibi yake hakubishana naye. Alijua mjukuu wake hawezi kumwamkia mtu mzima akiwa amekaa, basi akaenda kunong'ona na majirani.

"Hodi!" Mzee Mbwana akaingia.

Zamda akashika meza, akainuka akitetemeka. "Shikamoo."

"Marahaba." Mzee akaondoka.

Akaja mkewe, akaja fundi cherehani, wakaja na majirani wengine wawili, mmoja mmoja. Kisha Mzee Mbwana akarudi na kofia, halafu akarudi tena na mwavuli, na jua linawaka.

"Babu, si umeshakuja?" Zamda alinung'unika, lakini akainuka.

Majirani walipokwisha, Bibi mwenyewe alitoka nje, akabisha hodi kwake.

"Shikamoo, Bibi. Na wewe unakaa humu humu!"

"Marahaba. Kumi zimetimia, pumzika."

Mara mlangoni akasimama muuza mifagio. "Hodi wenyewe!"

"Huyu simjui, wallahi," Bibi akaapa. "Kaa tu, mwanangu."

Zamda alikuwa ameshasimama, mikono yote miwili iko kichwani, anajifunga kitambaa vizuri.