Kahawa ya Chini ya Goti

Preng, fundi wa ndege za kivita, alikipitisha kikombe cha kahawa chini ya goti lake la kushoto, kisha akampa mshauri wa Kirusi aliyekuja kuwaaga. Mafundi wote wa Kialbania wakaacha kazi, wakatazama.

Mrusi akainywa yote. "Tamu. Lakini bila sisi, ndege hizi mtafugia kuku." Akakunja uso. "Mbona umenipa kwa mtindo ule?"

Kamanda wa kiwanja akadakia haraka, jasho likimtoka. "Desturi tu za huko kwao milimani, komredi."

"Usinisemee, kamanda," Preng akasema. "Huko kwetu, kahawa ya chini ya goti hupewa mtu aliyevunja kiapo. Uliapa mbele yetu, komredi, kwamba hata wakubwa wa nchi zetu wakigombana, vitabu vya kutengenezea ndege vitabaki hapa. Mbona viko kwenye lori lako?"

Mrusi akatazama kikombe. Yalikuwa yamebaki mashapo tu, na mengine yamemganda kwenye masharubu.

"Ndiyo, ninavyo mimi!" akafoka. "Nyinyi mna nini?"

"Preng, nitakufunga," kamanda akanong'ona.

"Utanifunga, kamanda. Subiri kwanza." Preng akawageukia wenzake, akijifuta grisi mikononi. "Haya, jamani. Ukurasa wa kwanza."

Mafundi kumi na wanne wakaanza kukariri vitabu vile toka kichwani, kwa sauti moja, kwa Kirusi, wala hawakuruka hata nukta.