Injini Ikipoa

Muuguzi aliweka kiganja juu ya injini ya pikipiki iliyotumika, kama anavyogusa paji la mgonjwa. Ilikuwa ya moto.

"Mmeiwasha kabla sijafika."

"Tumeipasha kidogo tu, dada." Muuzaji akamgeukia mume wa muuguzi. "Shemeji, mshauri mkeo. Hii ni ya lami na makorongo. Yeye achukue kile kiskuta."

"Mimi abiria tu," mume alisema.

"Lami ya kwenda kazini, makorongo ya likizo. Yote yangu," alisema muuguzi. Akachomoa ufunguo, akavuta kigoda, akaketi. "Pikipiki mbovu hugoma ikiwa baridi. Nangoja ipoe."

Injini ilipopoa kabisa, alimnyooshea muuzaji ufunguo.

"Haya, kaka. Iwashe."

Muuzaji aliutazama, mikono yake ikabaki mifukoni.