Ukuta Unaomwita Sikudhani

Siku hizi kuta za nyumba hutunza sauti za waliokaa humo, na sheria inakataza kuzizima. Mashavu alipohamia na binti yake Tunu, walikuta ukuta wa jikoni unaita kila jioni, "Sikudhani! Njoo ule, mwanangu!"

"Huyo mama alipotelewa na mtoto," jirani alimwambia. "Aliita mpaka akafa. Mtoto mwenyewe, hakuna ajuaye alikoishia."

Tunu akawa anaogopa kuingia jikoni. Mashavu akamfundisha kama alivyolelewa yeye: "Mkubwa akiita, hanyamaziwi. Mwitikie tu, bibi wa watu apumzike."

Jioni ile Tunu akaitika, "Abee, mama!" Ukuta ukanyamaza, na Mashavu akamshukuru Mungu.

Kesho yake ukaita tena, safari hii kwa furaha. Tunu akaanza kushinda jikoni, mgongo ukutani, akicheka peke yake. Chakula cha mama yake hakigusi, anasema ameshashiba.

Leo Mashavu alikuwa uani anaanua nguo. "Tunu! We Tunu! Njoo unisaidie!"

Kisha akamsikia mwanawe akinong'ona jikoni, "Mama, kuna mtu nje anamwita Tunu."

"Mwache," ukuta ukajibu. "Atachoka."