Komeo la Nje

Kabla ya mapambazuko komeo la nje lilikwaruza, mlango ukafunguka kidogo, bakuli la uji likaingizwa.

"Umeamkaje, Mama," alisema Dishon, mlinzi. Uji alikuwa ameutia sukari, kama Rosa anavyoupenda. Kisha akafunga tena.

Tangu mwaka wa 1969, Rosa alipomwombea mtoto bubu na mtoto akasema, waumini walikuwa wakitembea kutoka Kisumu hadi kijiji hiki cha ziwani. Hapa ndipo hija yao iliishia. Wazee wa kanisa wakaamua Rosa asikanyage nje, baraka isije ikapotea njiani. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Mwanawe, Zadock, aliyeachwa Kisian kwa dada wa Rosa akiwa anatambaa, alikuwa ameshaanza kuongea. Rosa hajawahi kumsikia.

Siku hiyo wa mwisho kwenye foleni alikuwa Milka, mjane mzee wa Kaloleni, Kisumu. Alivaa kanzu nyeupe na kitambaa cha kichwa kilichofika kwenye nyusi, kama mahujaji wote, na kama Rosa mwenyewe. Alichechemea mguu wa kushoto. Dishon alimletea kigoda na maji.

"Huyu Mama anapata wageni kila siku?" Milka aliuliza.

"Mpaka wanachosha, Nyanya."

"Wewe hujui kuchoka. Kwangu hata jirani hapigi hodi."

Dishon akacheka, akamfungulia.

Akiwa nje, Dishon alisikia kilio nyuma ya pazia la mlangoni, kisha jina la Zadock, kisha kunong'ona kwa muda mrefu. Hakuwaharakisha.

Mwishowe mlango ukagongwa kutoka ndani. Dishon alimshika mwanamke mkono, akamvusha kizingiti polepole. Mkono ulikuwa umefunikwa na kanzu. Kitambaa kilikuwa kimeshuka hadi machoni. Alichechemea mguu wa kulia. Dishon akampa viazi vitamu viwili vya njiani na kumwonyesha barabara ya Kisumu inayopitia Kisian, naye akaishika bila kugeuka.

Dishon akarudi, akasukuma komeo, akalitikisa kuhakikisha limeshika.

Jioni alipeleka ugali na samaki. Mkono ulitokeza kando ya pazia kupokea sahani, mkono wenye mikunjo na mishipa iliyotuna.

"Asante, mwanangu," ilisema sauti ya kizee. "Kesho uje tena unitembelee."